Redio mbili, kichwa kimoja: yaliyonikuta kwenye kontesti

Kontesti ni mashindano ya redio ya ridhaa, unashindania kuwasiliana na stesheni nyingi uwezavyo. Siku nilipounganisha redio ya pili nilijiona nishakuwa mtaalamu. Sikio la kushoto redio moja, la kulia nyingine, huku naita CQ (mwito wa "yeyote anayenisikia anijibu") bendi ya mita 20 na kule nasaka stesheni mpya bendi ya mita 15. Haikupita nusu saa nikaandika kolsaini (jina la stesheni hewani) ya mtu wa mita 15 kwenye dirisha la mita 20 la kompyuta, nikabonyeza, nikamjibu mtu ambaye hata hakuniita, na yule aliyekuwa ananiita kweli akachoka akaenda zake.

Nilidhani kichwa kinasikiliza wawili kwa mpigo. Hakisikilizi bwana, kinarukaruka tu, na kila kikiruka kinadondosha kitu. Kwenye mosi (Morse, herufi za nukta na mistari) kinachodondoka ni nukta: S ni nukta 3, H ni 4, tarakimu 5 ni nukta 5, sasa kama nusu yako iko redio nyingine utajuaje umesikia ipi? Unaandika ya kubahatisha, halafu logi (orodha za mawasiliano) zikikaguliwa pointi zinakatwa.

Sa hivi nafanya hivi. Redio ya pili naisikiliza pale tu ya kwanza inapotuma yenyewe. Ukishabonyeza CQ kwenye kompyuta kuna sekunde kadhaa ambazo huna wa kumsikiliza, hizo ndo za kule. CQ ikiisha unarudi, hata kama kule ilibaki herufi moja tu. Hapo ndo pagumu, maana roho inataka kumalizia kwanza! Mi nina daftari na penseli, naandika kipande cha kolsaini nilichokidaka naachana nacho, raundi inayofuata namalizia. Kikishakuwa kwenye karatasi hakinisumbui tena.

Na kama redio moja bado inakutoa jasho, yaani unatafuta herufi kwenye kibodi kwa macho, ya pili iache kabisa kwanza, utaharibu zote.

Halafu usingizi. CQ WW, kontesti ya dunia nzima, ni saa 48, inaanza 00:00 UTC Jumamosi, na ukishavuka usiku wa pili hizo mbinu zote zinapotea. Mi najijua nikianza kuomba marudio kwa stesheni inayosikika kama iko chumbani, nikailaumu bendi eti imefunga, mawimbi hayafiki tena, kumbe nimefunga mimi. Hapo nazima redio ya pili, na ikiendelea hivyohivyo nalala saa moja na nusu. Alamu weka mbili, na moja iwe mbali na kitanda.