Usimwambie daktari "nzuri": kwa mwenzangu unayeanza kazi ya gari la wagonjwa Ontario

Sisi tumelelewa kujibu "nzuri" kwanza. Hata msibani mtu huulizwa habari, akajibu nzuri, ndipo akaeleza nani amefariki. Adabu hiyo nilikuja nayo Kanada, na ilinichelewesha miezi minane.

Nilikuwa na mwaka wa nne kazini. Usiku mmoja wa Januari tuliitwa barabara kuu ya 401, lori la matunda limegongana na gari la familia. Machungwa yalikuwa yametapakaa juu ya theluji. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nilimaliza zamu ile na zamu zilizofuata, lakini nikawa siwezi kupita upande wa matunda dukani. Usingizi ukakatika. Redio ya gari ikilia, mikono inatetemeka kabla sijajua tunaitwa wapi. Nikaenda kwa daktari wa familia, akaniuliza hali, nikasema nzuri, ni uchovu tu wa zamu za usiku. Akaandika uchovu. Hakukosea, aliandika nilichomwambia. Nilipokuja kudai fidia, karatasi ile ndiyo watu wa bodi ya bima ya kazini waliyoanza kuniuliza.

Nakuandikia ujue mapema, kwa sababu sheria ya fidia ya hapa iko upande wako kuliko unavyodhani. Tangu Aprili 2016, mtu wa zimamoto, polisi, mhudumu wa gari la wagonjwa, askari magereza au mpokea simu za dharura akigundulika ana PTSD, yaani kile kiwewe kinachobaki na mtu baada ya tukio kwisha, sheria ya Ontario inachukulia kwamba kazi ndiyo iliyomletea. Huhitaji kuthibitisha ni tukio gani hasa. Anayebisha ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Zamani mzigo huo ulikuwa mabegani mwa mgonjwa, atafute siku moja, ajali moja, na aoneshe kwamba ilikuwa ya ghafla, isiyotarajiwa. Hebu fikiria mtu aliyebeba maiti miaka kumi anaulizwa achague moja.

Mwaka 2018 manesi wanaohudumia wagonjwa moja kwa moja waliongezwa kwenye orodha. Najua wengi wetu tunaanzia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nyongeza ile ya manesi haikuwataja wahudumu hao. Kama ndiyo kazi yako, bado unaweza kudai, ila utapita njia ndefu ya kuthibitisha kwamba chanzo ni kazi, kwa hiyo haya ya kuweka kumbukumbu yanakuhusu wewe zaidi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoangukia. Ile kinga ya sheria haianzi kwa sababu unajisikia vibaya, wala kwa sababu daktari wa familia amekuandikia mapumziko. Inaanza pale mwanasaikolojia au daktari bingwa wa magonjwa ya akili anapoandika kwamba una PTSD. Daktari wa familia anaweza kujaza fomu ya daktari ya dai lako na kukupa rufaa, na hiyo rufaa iombe siku hiyo hiyo. Mimi sikuiomba kwa sababu sikuwa na maneno. Kwa Kiswahili nilikuwa na "moyo hautulii" na "nimechoka", na kwa Kiingereza vyote viwili viligeuka kuwa uchovu. Kabla ya kwenda mara ya pili nilikaa mezani na mke wangu nikaandika vitu vinavyoonekana: nalala saa ngapi, naamka mara ngapi, sehemu gani siwezi kupita. Mambo mawili aliyaongeza yeye. Kwamba nalala taa ikiwaka, na kwamba mtoto akidondosha kitu naruka. Mimi sikuwa nimeyaona. Mwanasaikolojia aliisoma karatasi ile mara mbili, kisha ndiyo akaanza kuniuliza maswali yake.

Jambo jingine ni la bosi. Sheria ina mlango mmoja wa kukunyima: ikionekana kwamba ugonjwa umetokana na maamuzi ya mwajiri kuhusu ajira yako, kama kukubadilishia kazi, kukuadhibu au kukufukuza, ile kinga haifanyi kazi. Mimi wakati ule nilikuwa nagombana na msimamizi wangu kuhusu ratiba, na kwenye maelezo yangu ya kwanza niliandika nusu ukurasa juu yake kwa hasira. Mwajiri akalishika hilo hilo, kwamba shida yangu ni zamu, si barabara. Usidanganye na usifiche ugomvi ukiulizwa. Lakini malalamiko ya ratiba yapeleke kwa chama cha wafanyakazi, na kwenye fomu ya fidia eleza ulichokiona na kilichokupata.

Fomu yako wewe mfanyakazi ni namba 6, inakwenda WSIB, bodi ya bima ya kazini ya Ontario. Ya mwajiri ni namba 7, naye akishapata habari ana siku tatu za kazi kuiwasilisha, na nakala yake ni haki yako. Akisuasua, usimngoje, peleka ya kwako. Muda wa kudai ni miezi 6. Dai likikubaliwa, ukiwa huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 85 ya mshahara wako baada ya makato, na matibabu yanalipwa na bodi. Ukiitwa kujadili kurudi kazini kwa majukumu mepesi, nenda, hata kama hujisikii tayari, ukiwa na maoni ya mtaalamu wako mkononi. Kukaa kimya huko kunaweza kukukatia malipo.

Nunua daftari dogo leo, kabla hujapatwa na lolote. Kila baada ya zamu nzito andika tarehe, aina ya tukio, na ulivyolala usiku ule. Jina la mgonjwa usiandike kamwe.

Barua ikija inasema dai limekataliwa, soma tarehe ya mwisho ya pingamizi kabla ya kusoma sababu. Kwa uamuzi kuhusu kurudi kazini ni siku 30, kwa mengine ni miezi 6. Kama una chama, piga simu kwao siku hiyo. Kama huna, kuna Office of the Worker Adviser, ofisi ya serikali ya Ontario inayowasaidia bure wafanyakazi wasio na chama. Omba nakala ya faili lako lote, na utafute humo karatasi ya ile siku uliyosema "nzuri".