Tairodi ya nipo au iliyofungwa: lori lako la Kigoma linataka ipi?

Ukiulizia tairodi, ile jointi inayounganisha stelingi na gurudumu la mbele, kwenye duka la spea Tabora mjini au Mwanga, Kigoma, unaweza kuwekewa mbili mezani: moja ina nipo, yaani kichuchu kidogo cha kuingizia grisi, nyingine imefungwa kabisa. Kabla ya kuuliza bei, jiulize: nani atashika bomba la grisi, na kila baada ya siku ngapi? Kama huwezi kumtaja mtu, chukua iliyofungwa.

Iliyofungwa imejazwa grisi kiwandani ya kutosha maisha yake yote, na kwenye lami inadumu vizuri sana. Roho yake ni ule mpira unaofunika jointi. Jiwe likiuchana, vumbi linaingia, linachanganyika na grisi na kugeuka msasa unaosaga tufe la ndani, na huna njia ya kuutoa. Masika yakifika, maji nayo yanaingia na kutu inaanza. Kwa hiyo mpira ukishapasuka, panga kuibadilisha hata kama bado haichezi. Usikubali fundi autoboe kwa sindano ili ajaze grisi. Grisi itaingia kweli, lakini tundu linabaki, na tope litapita papo hapo.

Ya nipo inajisafisha kwa sababu grisi mpya inaisukuma nje ile chafu. Kwa lori linaloingia vijijini kubeba tumbaku Urambo na Kaliua, au linalopakia chumvi Uvinza, sisi tunachagua ya nipo bila kusita. Chumvi ikipata unyevu inakula chuma haraka. Ila ya nipo isiyopigwa grisi inaisha mapema kuliko iliyofungwa, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapokosea: wananunua nipo, hawanunui bomba.

Upigaji wenyewe una utaratibu. Futa nipo kwa kitambaa kwanza, la sivyo unausukuma mchanga ndani kwa mikono yako. Bomba la mkono hutoa karibu gramu 1 kwa pampu moja. Piga polepole huku ukitazama mdomo wa mpira: grisi nyeusi itatoka, kisha safi, ikitoka safi, acha. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, endelea mpaka rangi ibadilike. Mpira ukivimba bila kutoa kitu, simama, maana nguvu ya bomba inaweza kuupasua au kuuchomoa kwenye kiti chake. Na kama grisi inarudi pembeni ya nipo, fungua nipo uitazame. Mara nyingi ni tope lililokauka, na nipo mpya ni bei ndogo.

Kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, piga magurudumu yakiwa chini, kisha nyanyua ekseli kwa jeki, weka stendi, piga tena huku mwenzako akizungusha stelingi kulia na kushoto. Pini za springi nazo zinataka chesisi inyanyuliwe kidogo, kwa sababu mzigo unaubana upande mmoja wa pini na grisi haipiti huko. Kiangazi, kwenye vumbi, tunashauri kila wiki. Ukivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, piga siku hiyo hiyo. Bushi za mpira, zile pete za mpira kwenye maungio, usiziguse kwa grisi, hata zikilia. Grisi ya mafuta inaulainisha mpira na kuuvimbisha.

Tumia grisi ya lithiamu namba 2 ya kazi nzito, na ukianza na aina moja baki nayo. Baadhi ya grisi zikichanganywa zinakuwa nyepesi na kuvuja zote.

Jambo moja linalopita machoni pa wengi: kuna tairodi zinazouzwa zikiwa na kizibo cha skrubu kwenye tundu la nipo, na nipo imo kwenye kifuko ndani ya boksi. Fundi akiwa na haraka anafunga tairodi, kifuko kinatupwa, na gari linatembea miezi likidhaniwa ni la jointi zilizofungwa. Kagua boksi kabla halijatupwa.

Kupima uchakavu, acha gari chini, mtu atikise stelingi kidogo kidogo, wewe weka kiganja kwenye jointi. Kisha isukume kwa mkono juu na chini, usitumie mtaimbo, kwa sababu mtaimbo unaweza kuifanya hata nzima ionekane mbovu. Ikicheza milimita 1.5, nunua mpya. Ikifika milimita 3, gari lisitoke.

Ukifunga mpya, kaza nati kwa kipimo cha gari lako, na tundu la kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee, lisipolingana, kaza mbele mpaka lilingane. Usilegeze kurudi nyuma, maana shina la tairodi litacheza kwenye tundu lake la koni na kulila. Kotapini iwe mpya. Hesabu nyuzi za skrubu za tairodi ya zamani ili mpya iingie kina kile kile, halafu bado peleka gari likapimwe mlingano wa magurudumu, kwa kuwa kosa la uzi mmoja linatosha kula tairi za mbele.