Injini ya gemu: utumie iliyopo au uunde yako?

Kwa wewe unayeanza kutengeneza gemu hapa Dodoma, hasa kama unasoma pale UDOM: kabla ya kubishana kuhusu injini (programu inayokupa tayari kazi za msingi za gemu, kama kuchora, sauti na migongano), andika gemu yako kwenye karatasi moja. Nini kinasogea? Kinagongana na nini? Itachezwa kwenye simu ya aina gani? Majibu hayo ndiyo yaamue, si sifa za injini.

Chukua gemu ya 3D ya bodaboda anayekatiza Nyerere Square na abiria wake. Inataka kamera, mwanga, migongano, sauti, na modeli zinazotoka Blender, programu ya kuchonga vitu vya 3D. Ukiamua kuunda vyote hivyo mwenyewe, miaka itapita na utabaki na injini isiyo na gemu. Tumia iliyopo.

Bao ni habari nyingine. Mashimo 32, kete 64, fizikia hakuna. Unachora upya pale tu kete zinaposogea, na betri haiishi ovyo. Uzito wote uko kwenye kanuni: namua, yaani awamu ya kwanza, kila mmoja akianza na kete 22 mkononi, kisha mtaji, awamu ya pili, halafu masharti ya nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Hizo hakuna injini itakayokuandikia. Hapa SDL au raylib, maktaba ndogo za msimbo, inatosha. Itakufungulia dirisha, itapokea mguso na kutoa sauti, na mengine yote utaandika wewe. Weka kikomo kwenye kitanzi (msimbo unaojirudia) cha kusambaza kete, maana mpangilio fulani wa kete huzunguka bila kuisha, na programu itaganda.

Wanaotaka kuunda injini yao huwa wanapigia hesabu kuchora tu. Kuchora ndiyo sehemu nyepesi. Angalia suala la muda. Ukimsogeza mchezaji pikseli 5 kila fremu, yaani kila picha inapochorwa upya, kwenye skrini ya hezi 120 (picha 120 kwa sekunde) atakimbia mara mbili ya kasi ya skrini ya hezi 60. Ukizidisha mwendo kwa muda uliopita, tatizo linahamia kwingine: kitone cha kasi ya pikseli 1,200 kwa sekunde husogea pikseli 20 simu ikitoa fremu 60, lakini ikishuka hadi fremu 20 kinaruka 60 kwa mkupuo na kuvuka ukuta wa pikseli 30 bila kuugusa. Dawa ni kukokotoa mwendo kwa hatua zisizobadilika za 1/60 ya sekunde, hata zikiwa tatu ndani ya fremu moja.

Kuna na simu kuingia katikati ya mchezo. Android huisimamisha gemu, na picha zilizopakiwa kwenye GPU, chipu ya michoro, zinaweza kufutwa. Mchezaji akirudi anakuta skrini nyeusi. Injini kubwa zimeshamaliza kero hii. Yako utaimaliza mwenyewe.

Kwenye gharama za injini zilizopo, kama Unreal, Unity na Godot, soma leseni. Unreal hudai asilimia 5 mapato ya gemu yakishavuka dola milioni 1. Unity ilitangaza Septemba 2023 ada ya kila gemu inapowekwa kwenye kifaa, watengenezaji wakapinga vikali, ikaifuta Septemba 2024. Godot ina leseni ya MIT: hudaiwi chochote na msimbo wake uko wazi. Unreal hula makumi ya GB; Godot yenyewe ni ndogo kiasi kwamba bando la kawaida linaibeba, ingawa faili za kutolea gemu ya Android huongeza mzigo. Kwa laptopu ya RAM ya GB 8, sisi tungeanza na Godot.

Ukishachagua, menyu isubiri. Tengeneza kwanza kile kigumu kuliko vyote, kwa maboksi matupu badala ya picha nzuri, kisha kiweke kwenye simu dhaifu kuliko zote unayoweza kuazima. Fremu 60 kwa sekunde zinakupa milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Zikikushinda, lenga 30. Cheza dakika 20 mfululizo, kwa sababu simu ikipata moto hupunguza kasi ya prosesa, na gemu iliyoteleza vizuri mwanzoni huanza kukwama. Ikipita hapo, baki na toleo hilohilo la injini hadi gemu itoke.