Sayari hupatwa, au hupita mbele ya nyota?

Swali: Mwalimu wa jiografia wa Ujiji, Kigoma, anaeleza kwamba mwanafunzi wake mmoja ameandika kuwa sayari kubwa za mbali, zinazozunguka nyota nyingine, hugunduliwa kwa kutazama “kupatwa kwa sayari”, na mwingine akaziita “sayari za mpito”. Anauliza ni yupi aliyepatia.

Jibu: Wote wawili wamelielewa jambo lenyewe, lakini maneno yao yanasema lingine. Katika kupatwa kwa jua, linalofichika ni jua. Kwa hiyo “kupatwa kwa sayari” humwambia msomaji kwamba sayari ndiyo iliyofichika. Hali hiyo hutokea kweli, sayari inapopita nyuma ya nyota yake, ila ni kinyume cha alichokusudia mwanafunzi. Yeye alitaka kueleza sayari inayopita mbele ya nyota na kuupunguza mwanga wake, kama ilivyoonekana mwaka 1999 kwa nyota HD 209458, ambayo kila baada ya siku 3 na nusu hufifia kwa takriban asilimia 1.5, kwa muda wa saa kama 3, kisha ikarudia mng’ao wake. Hata “kupatwa kwa nyota” sipendekezi hapa, kwa kuwa msomaji atafikiria giza, ilhali sayari yenye ukubwa wa Mshtarii (Jupita) huziba takriban asilimia 1 tu ya uso wa nyota iliyo mfano wa jua letu.

“Mpito” ni nomino nzuri, na tunaweza kuandika bila wasiwasi “mpito wa Zuhura mbele ya jua, tarehe 8 Juni 2004”. Tatizo ni “ya mpito”, ambayo masikio yetu yameizoea katika “serikali ya mpito”, yaani ya muda, inayosubiri nyingine ishike nafasi yake. Sayari hizo si za muda. Kinachopita upesi ni tukio tu, tena tunaliona kwa sababu njia ya sayari imeangukia kati yetu na nyota.

Ningeandika “sayari inayopita mbele ya nyota yake”. “Inayokatiza” nayo ni sahihi, kama wanavyosema wavuvi wa dagaa mtu akikatiza mbele ya karabai, na sioni kwa nini wengine waliepuke neno hilo katika maandishi rasmi. Nyota yenyewe ipewe kitenzi “kufifia”, wala si “kuzimika”.