Nauza vitumbua huku nasubiri fao la kukosa ajira. Nitaonekana?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31, naishi Tabata Kimanga. Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere kwa miaka minne, mshahara laki sita. Mwezi Machi tulipunguzwa watu kumi na moja. Nimepeleka madai ya fao la kukosa ajira NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Kwa sasa mimi na mke wangu tunakaanga vitumbua asubuhi, na wateja wengi wanalipa kwa M-Pesa kwenye laini yangu. Kijana wa steshenari aliyenisaidia kujaza fomu anasema siku hizi Mfuko unaingia kwenye simu ya mtu, unaangalia miamala mpaka picha za Facebook, na wakiona hela zinaingia wanafuta madai na kukupeleka polisi. Ana mtu wake ndani. Kwa laki moja na nusu faili "litafungwa" nisifuatiliwe. Ameshachukua namba yangu ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya uanachama na picha ya kadi ya benki. Halafu bosi wa zamani ameniita wiki mbili za kuhesabu mali. Niende? Nitaonekana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Maswali ya namna hii nayapata karibu kila wiki, na nikifika kwenye maneno "ana mtu wake ndani" huwa natua miwani mezani kwanza.

Nianze na kibarua, maana jibu lake ni fupi. Nenda kahesabu mali, lakini kamwambie afisa anayeshika madai yako kabla hujaanza. Fao hili ni la mtu ambaye hajapata ajira nyingine, na kusema uongo ili ulipwe ni kosa kisheria. Na ndiyo, utaonekana. Ila usidhani kuna mtu amejificha nyuma ya mnazi anakupiga picha. Kila mwezi mwajiri hupeleka orodha ya wafanyakazi: jina, namba ya uanachama, mshahara, na mchango ambao jumla yake ni asilimia 20. Bosi akikuweka kwenye orodha hiyo, mchango unaingia kwenye akaunti yako ileile unayoidai. Umejionyesha mwenyewe.

Vitumbua havina mwajiri. Ukiulizwa unaishije, sema unakaanga vitumbua. Sijawahi kuona mtu aliyeumbuka kwa kusema hivyo, ila nimewaona walioumbuka kwa kusema hawafanyi chochote huku viatu vimejaa unga.

Sasa hilo la simu. Afisa wa Mfuko hana kitufe cha kufungua M-Pesa yako. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamzuia mtu wa kampuni ya simu kugawa taarifa za mteja ovyo. Zikihitajika kwa uchunguzi, ziombwe na chombo chenye mamlaka kwa njia ya kisheria. Vitumbua vya mia mbili mia mbili havifiki huko. Picha ulizoziweka Facebook zikawa wazi kwa kila mtu, hizo hata shemeji yako anaziona, kwa hiyo tusiziite siri.

Wanachokikagua kweli ni barua yako ya kuachishwa kazi. Nimekaa dawati la rasilimali watu miaka 19 na simu za uhakiki nimezipokea mimi: "Huyu aliacha mwenyewe au aliachishwa? Lini? Mshahara wake wa mwisho ulikuwa kiasi gani?" Maswali matatu, dakika tano. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana fao hili, na hapo ndipo vishoka, hawa mawakala wa uongo, wanapopatia ugali. Wanauza barua. Kijana mmoja aliwahi kunijia na barua ya kupunguzwa kazi kutoka kwa mwajiri ambaye mimi najua kijana mwenyewe ndiye aliyemwacha. Muhuri ulikuwa mzuri, wino unang'aa. Lakini aliyetia saini alikuwa meneja aliyehama miezi minane kabla ya tarehe ya barua. Nilimrudishia mkononi nikamwambia aende akaichome.

Wewe hukuhitaji hata moja ya hayo. Umepunguzwa, huna miaka 55, ni raia, na kama michango yako ni ya miaka minne umeivuka mbali ile miezi 18 inayotakiwa. Fao ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa miezi sita. Kwa laki sita yako ni kama 199,800 kila mwezi, jumla haizidi milioni moja na laki mbili. Kishoka anataka laki na nusu katika hiyo akufungie faili ambalo halina kosa. Ukitaka cha kukunyima usingizi, chukua taarifa ya michango yako uihesabu mwezi kwa mwezi. Wapo waajiri wanaokata kwenye hati ya mshahara na pesa isifike, na madai hukwama hapo. Huyo kijana wala hajakuuliza.

Inayonikera hasa ni hii: watu wanaogopa jicho la ofisi, kisha wanakwenda kujivua nguo mbele ya mtu asiyejulikana hata jina la baba yake. Hebu tazama alichonacho mpaka sasa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ana namba ya uanachama. Ana sura ya kadi ya benki. Fomu ameijaza yeye, kwa hiyo ana saini yako, namba ya simu, jina la mke na la mama. Mfuko wenyewe haujakuomba zaidi ya hapo, na wao wanabanwa na kiapo cha kazi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: taarifa ichukuliwe kwa shughuli inayojulikana, itumike kwa hiyo tu, na mwenyewe ana haki ya kuiona na kuisahihisha. Ukiona imevuja, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Ila ukimlalamikia kishoka huko, utaanza na wapi? Risiti huna, na siku utakayomtafuta ameshahamia Gongo la Mboto.

Steshenari zenyewe nazijua. Kompyuta moja, watu thelathini kwa siku, WhatsApp ya mteja wa asubuhi bado iko wazi kwenye kioo mpaka jioni. Kopi iliyotoka vibaya inatupwa kwenye boksi chini ya meza, na boksi likijaa linauzwa. Mwaka jana pale Buguruni nilinunua karanga za mia tano. Nilipomaliza nikakunjua ile karatasi. Ilikuwa hati ya mshahara ya mtu, jina kamili, akaunti ya benki, na deni lake la mkopo. Nimeshika mkononi, ina chumvi.

Na hawaishii kwenye mafao. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, watu wamezoea kuambiwa "weka tena kidole, haijasoma" na wanaweka, mara ya pili, mara ya tatu. Kidole cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ndiyo itakayotuma "tuma kwenye namba hii" kwa wajomba za watu. Piga *106# leo uone ni laini ngapi ziko chini ya NIDA yako. Vivyo hivyo kwa anayekuahidi fao la kujitoa, kwamba atakutolea michango yote kwa mkupuo kama zamani. Fao la aina hiyo liliondolewa kwenye mabadiliko ya 2018. Najua limewaumiza wengi na hasira naielewa, lakini anayeliuza leo anauza hewa. Na ujumbe wenye kiungo cha "bonyeza uhakiki madai yako" usiubonyeze hata kama una nembo. Kuhakiki, panda daladala uende ofisi uliyopeleka fomu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, vitumbua vikishaisha, pita benki ubadilishe kadi. Mwambie mhudumu kadi imepigwa picha na mtu. Hutakuwa wa kwanza. Kisha rudi steshenari ukiwa na mke wako, simama nyuma ya kiti, kijana afute faili lako ukiona, kwenye kompyuta na kwenye simu yake, na pipa la taka la kompyuta alifungue alimwage pia. Kopi zako kwenye boksi uondoke nazo. Akianza kukutisha kwamba "mtu wa ndani" atakasirika, muombe jina na cheo cha huyo mtu, umpelekee salamu mwenyewe dirishani.

Laki na nusu kanunulie mchele na nazi.