Krimu ya keki ya harusi ijaribiwe saa nane mchana

Binti mmoja wa Kaliua kaniandikia wiki hii: harusi ya kaka yake ni Oktoba, anataka kupika keki mwenyewe, nimpe vipimo visivyoshindwa. Vipimo nitatoa, mdogo wangu, lakini acha kwanza nisimulie harusi ya nyumbani kwetu Isevya, Tabora mjini.

Kamati ilitaka keki iagizwe Mwanza. Mjumbe mmoja akasema mbele ya wazee kwamba keki za jiko la mkaa ni za kipaimara, si za harusi. Kauli ile bado ninayo moyoni. Mama akajibu, "Keki atapika huyu huyu." Mjadala ukaisha.

Keki yenyewe haina maajabu. Siagi robo kilo, sukari robo, unga wa ngano robo, mayai matano, beking poda vijiko viwili vya chai, ganda la limau la kukwaruza. Mimi sehemu ya sukari niliitoa nikaweka asali, maana ukiwa Tabora unaiachaje asali ya miombo? Badala ya kikombe kimoja cha sukari weka robo tatu ya kikombe cha asali, kama unatia maziwa yapungue, na moto ushuke. Asali huunguza haraka: juu keki imeshakuwa nyeusi, katikati bado uji. Ukiivumilia, keki haikauki, unaweza kuioka siku mbili kabla.

Kazi ipo kwenye krimu. Wengi huijaribu usiku, feni inapuliza, wakapiga picha wakaenda kulala. Mchana wa Oktoba Tabora joto linapita nyuzi 30, na siagi halisi hulegea hata kabla ya hapo. Ikifika 32 hadi 35 ndiyo inayeyuka kabisa. Kwa hiyo nilikuwa napamba kikeki kidogo, nakibeba hadi ukumbini saa nane, nakiweka kwenye meza ile ile ya maharusi, nakaa nakitazama. Krimu ya siagi tupu ilianza kwa kung'aa. Kisha waridi la juu likalala jani moja, la pili likafuata, na mafuta ya njano yakachuruzika hadi kwenye sahani.

Nikahamia nusu siagi, nusu mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Aisingi shuga, ile sukari laini kama unga, mara mbili ya uzito wa mafuta yote, na maji ya limau kidogo kukata utamu. Ladha ya siagi tupu ni bora, sibishi. Lakini hii ilisimama.

Siku yenyewe keki ya ngazi tatu ilikaa mezani tangu mchana mpaka MC alipowaita maharusi usiku, na hakuna waridi lililosogea. Yule mjumbe alirudi na sahani mara ya pili. Nilimwona, na nikamkatia kipande kikubwa.

Dada zangu, msikubali mtu awapimie uwezo kwa aina ya jiko lenu. Jaribuni, rudieni, na kila badiliko liandikwe kwenye daftari. Ngazi zisafirishwe kila moja kwenye boksi lake, zipangwe huko huko ukumbini. Na kama sherehe ni chini ya turubai, krimu ijaribiwe chini ya turubai lililopigwa jua, kwa sababu mle ndani joto linazidi la nje.