Jeni moja, watoto wawili, mbona hawaumwi sawa?

SWALI: Daktari, kijana wangu wa kwanza ana miaka 8. Mwaka jana alianza kushuka darasani, ukimwita kama hasikii, tukadhani utundu tu, kumbe ni ALD, ugonjwa wa kurithi, na imeshaingia kwenye ubongo. Mdogo wake wa miaka 5 naye kakutwa na jeni hiyohiyo ila anacheza vizuri kabisa. Watu wananiambia ni suala la muda tu. Ni kweli? Na mimi niliyewazaa mbona siumwi?

JIBU: Pole sana mama. Hao wanaosema suala la muda wanakuumiza bure, haiko hivyo. Jeni yenyewe inaitwa ABCD1, ipo kwenye kromosomu X (moja ya nyuzi zinazobeba jeni mwilini), ikiharibika kuna aina ya mafuta mwili unashindwa kuyavunja, yanarundikana kwenye ubongo, uti wa mgongo na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Sasa hitilafu ileile kwa ndugu wa tumbo moja, mmoja inampiga ubongo akiwa mdogo, mwingine tezi tu, mwingine anakua mpaka mtu mzima ndo miguu inaanza kukakamaa. Hata mapacha wa kufanana wameshaonekana wakitofautiana! Na kiwango cha yale mafuta kwenye damu hakisemi nani ataumwa ubongo, kwahiyo usikeshe unalinganisha majibu ya maabara ya hao wawili.

Ila usikae ukasubiri dalili. Huyu mdogo apigwe MRI ya kichwa (picha ya ndani ya ubongo) kila miezi 6 mpaka afike miaka 12, baada ya hapo mara moja kwa mwaka, maana kupandikizwa uboho kunasaidia pale picha inapoanza kubadilika na mtoto bado anacheza kama huyo wako, dalili zikishakolea inakuwa ngumu sana. Apimwe na kotisoli pia, homoni inayotengenezwa na zile tezi za adrenali. Akianza kuchoka ovyo, kutapika, au ngozi na fizi kuwa nyeusi kuliko zamani, mpeleke siku hiyohiyo, tezi zikigoma homa ya kawaida tu inaweza kumwangusha, na dawa ya kurudishia hiyo homoni ipo.

Wewe una kromosomu X mbili, wanao wa kiume wana moja tu, ile nzima inakubebea mzigo kiasi, lakini wanawake wengi wenye jeni hii wakishapita miaka 40 miguu inakuwa mizito au mkojo unawasumbua, likitokea usiambiwe ni uzee. Na dada zako wa mama mmoja nao wapime, hasa wenye watoto wa kiume.